Dawa Haikosi Mwili

Mwantumu Njiku alifika dirishani bila boksi tupu hata moja, na Theodora Msengi akajua papo hapo kwamba kuna jambo. Kwa kawaida Mwantumu, akishuka kutoka kwenye mapangaboi makubwa ya kufua umeme wa upepo kule mlimani, alipita kwenye duka la dawa la Theodora na mfuko wa ovaroli umevimba kwa maboksi ya watu. Aliyapanga juu ya kaunta moja moja, hakutaja jina, akatoa kadi yake mwenyewe na kulipa. Theodora naye hakuuliza. Alitazama boksi, akakumbuka umri, uzito na hali ya figo za mwenye nalo, alivyoandikiwa siku ya kwanza kwenye kikaratasi ndani ya boksi, akahesabu vidonge.

Safari hii kilichowekwa juu ya kaunta kilikuwa beji ya kazi. Mstari mwekundu ulikuwa umekata picha ya Mwantumu kutoka paji la uso hadi kidevuni.

"Dokta, mimi nina kifafa?"

"Huna."

"Kisukari je?"

"Huna, Mwantumu."

"Basi Mizani wanasema ninavyo vyote viwili, na kifua kikuu nimeongezewa kama bakshishi. Nimeambiwa nisiguse ngazi."

Theodora akaomba simu yake, akasoma. Magonjwa saba yalikuwa yamepangwa chini ya jina la Mwantumu Njiku, mwanamke ambaye katika maisha yake yote alikuwa ameumwa malaria na jino. Pembeni ya majina ya magonjwa palichorwa mwili wa mtu, umetiwa rangi mahali pabovu. Ulikuwa na rangi karibu kila mahali.

Hakuna aliyeiita Mizani kampuni, ingawa ilikuwa kampuni. Ilipima miili ya watu kwa kusoma dawa walizonunua, kisha ikamuuzia uzito huo mwajiri, mtu wa bima, mwenye nyumba, hata mkwe mtarajiwa. Magari ya wagonjwa nayo yaliisoma kabla muuguzi hajamgusa mgonjwa. Haikuruhusiwa kuiba taarifa za mtu. Lakini sheria ilisema kilichokwisha kumwagika hakina mwenyewe. Kwa hiyo wezi wakishazivujisha kadi mtandaoni, Mizani iliinama na kuokota kilichoanguka, mikono yake ikiwa misafi.

Maduka makubwa ya dawa yalivuja kwanza. Yale madogo, ya watu binafsi kama Theodora, yaliponea chupuchupu, na hofu hiyo ndiyo iliyowafanya wenye maduka wachangiane kununua visahau. Kisahau kilikuwa kijisanduku kisichozidi mche wa sabuni, kinakaa kati ya kadi na mashine ya malipo. Kadi ikigusishwa, kisahau kiliomba benki namba kivuli, namba ya kutumika mara moja tu. Duka lilipokea kivuli, benki ililipa kivuli, kisha kivuli kikafa. Namba halisi haikuingia dukani kabisa. Mwizi angevunja mashine ya Theodora akakuta makaburi ya vivuli.

Ila kisahau kilihitaji mtandao, na mtandao wa Singida uliishi kwa upepo. Upepo ukilala, minara nayo ililala. Waliotengeneza kisahau waliliona hilo wakaweka kitufe cha kushikilia: kibonyeze, kadi itatunzwa jinsi ilivyo mpaka mtandao urudi. Walifikiria dakika moja au mbili. Hawakufikiria mji ambamo upepo unaweza kulala tangu chai ya asubuhi mpaka wali wa usiku, wala hawakumfikiria mtu aliyefundishwa, kabla ya kufundishwa jina la dawa yoyote, kwamba mgonjwa harudishwi. Theodora alikikandamiza kitufe kile kwa kipande cha boksi kilichokunjwa, akakiacha hapo. Kila duka dogo mjini lilikuwa na kipande chake cha boksi. La kwake ndilo lililoingiliwa.

Alikuwa amekwisha kukichomoa, amekwisha kuripoti, na amewapigia wateja wote mmoja mmoja. Wengi walivujishwa yaliyo yao, na hilo lilikuwa baya la kutosha. Mwantumu alivujishwa ya mtaa mzima.

"Jumatatu wanafunga orodha ya wapandaji," Mwantumu akasema. "Asiyekuwemo ndiyo basi, anaenda kulima alizeti. Na mimi dokta nikishika jembe linanicheka."

Hakuwa akitania sana. Alianza kupanda mapangaboi akiwa msichana, wakati mji mzima ulikuwa na mwanamke mmoja tu wa kazi hiyo, yeye. Hakujua kazi nyingine, na hakutaka kuijua.

*

Ofisi ya Mizani ilikuwa na baridi ya mashine na harufu ya zulia jipya. Aliyewapokea aliitwa Yasinta Gunda, binti mpole, mwenye kucha zilizokatwa vizuri na sauti ya mtu aliyezoea kulaaniwa. Alimsikiliza Theodora mpaka mwisho. Alikubali, bila kubishana, kwamba haielekei mtu mmoja mwenye magonjwa saba apande mnara kila siku kwa miguu yake. Akasema Mizani haina kinyongo na mtu na iko tayari kusahihisha hata leo.

Kisha akaeleza namna ya kusahihisha.

Hesabu ya Mizani ilisimama juu ya kanuni moja. Dawa iliyolipiwa imekwenda mahali. Haiwezi kufutwa, kwa sababu kuifuta ni kusema mgonjwa hayupo, na mgonjwa yupo. Inaweza kuhamishwa tu. Mtu mwingine aje, aweke kidole, aseme ni yake, na Mwantumu atakuwa mwepesi kwa kiasi hicho.

"Dawa haikosi mwili, mama," Yasinta alisema. "Nitajie miili."

Theodora akauliza kama wao huhakiki madai hayo. Yasinta alitabasamu kidogo, akasema neno la mwenye mwili linatosha. Katika miaka yote hajawahi kutokea mtu wa kujipachika ugonjwa. Bima inapanda, kazi zinafungwa, posa zinavunjika. Watu huja kukana, hawaji kudai.

Theodora aliijua miili yote saba. Aliijua kichwani, maana hakuandika popote dawa ya nani inachukuliwa na nani; mtaa wa Kibaoni usingekubali. Kisahau kilisahau kadi, lakini jirani hakusahau sura. Ukionekana dirishani mara mbili, mtaa ulikuwa umekwisha kukuchagulia ugonjwa na kaburi. Ndiyo maana wakamtuma Mwantumu, asiyeumwa, asiyesema, asiyeolewa wala kutafuta kuolewa. Walimpa boksi tupu na fedha, yeye akalipa kwa kadi yake. Kila mtu aliliona jambo hilo kuwa la busara.

Wakitoka, Theodora alimwambia Mwantumu kwamba angeweza kutaja. Sheria ilimlinda, na kwa jinsi fulani ilimdai. Mtu alikuwa anapoteza kazi kwa kosa la dukani kwake.

"Ukiwataja, dokta, dirisha lako litabaki la kuuzia miswaki," Mwantumu akasema. Wakatembea kidogo. "Na mimi wakiniuliza kwa nini wametajwa, nitasema nilikubali. Sasa nitakaa wapi?"

Theodora alikuwa akifikiria sita kati ya wale saba kama watu wanaoweza kubaki gizani bila kumuumiza mtu. Wa saba, mwenye kifafa, hakuwa hivyo. Alikuwa Philipo Mujungu, msimamizi wa usalama wa mapangaboi, mtu aliyeketi chini ya mnara na kushika breki ya lifti wakati wenzake wananing'inia juu. Yeye ndiye aliyekuwa amesaini barua ya kumsimamisha Mwantumu, na ni barua hiyo iliyomjulisha Theodora cheo chake.

*

Alimkuta mlimani, chini ya mnara, amevaa kofia ngumu, anakula karanga. Mapanga yalipita juu yao taratibu, kivuli baada ya kivuli. Mujungu alimkaribisha kwa heshima, akamfutia kiti vumbi kwa kiganja, akamuuliza habari za duka. Walikuwa hawajawahi kuongea uso kwa uso. Kwa miaka sita walikuwa wakijuana kwa maboksi.

Theodora alimwambia alichokuja kumwambia, bila kuzungusha. Kwamba hatamtaja. Kwamba hilo si ombi la kumshukuru. Na kwamba hatajua raha tena akijua nani ameshika ile breki.

Mujungu aliacha kutafuna. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hajaanguka tangu alipoanza dawa. Hata mara moja. Hata mkono kutetemeka. Dokta mwenyewe ndiye aliyempimia kipimo.

"Najua. Nilikipima kwa ajili ya mtu anayeketi ofisini. Boksi halikuniambia zaidi."

"Boksi halisemi."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Mujungu akacheka bila kupenda. Kisha akaanza kujitetea, na Theodora akamwacha ajitetee. Alisema akipokonywa usimamizi atakuwa karani wa kuhesabu bolti, kwa mshahara wa karani. Wanawe wawili hawajui. Mkewe anajua, lakini wakwe hawajui, na wakwe zake ni watu ambao mpaka leo wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate. Alisema barua ya Mwantumu ilikuja imekwisha kuandikwa, kazi yake ilikuwa kusaini tu. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile. Hayo yote yalikuwa kweli, na Theodora aliyasikiliza jinsi anavyosikiliza mgonjwa anayeeleza maumivu: akipima.

Upande mmoja palikuwa na siri, ambayo bila hiyo watu wangeacha dawa na kuanguka majikoni na barabarani. Alikuwa ameziona maiti za walioacha dawa kwa aibu. Upande wa pili palikuwa na watu wanaoning'inia. Mtu mmoja, miaka sita, hajaanguka. Lakini dawa hiyo hiyo haikuwa ukuta, ilikuwa pazia. Homa kali, usiku mmoja bila usingizi, dozi moja iliyosahaulika, pazia linapeperuka. Na mtu huyu alikuwa amemwambia sasa hivi kwamba halali.

"Mwantumu anajua kwamba ile ya kifafa ni ya kwangu?" Mujungu akauliza.

"Ndiye anayekuletea."

"Na hajasema."

"Hajasema."

Mujungu akaangalia juu, kwenye mnara jirani uliosimamishwa, ambako mtu mdogo kama sisimizi alikuwa akipaka grisi kwenye ekseli. Theodora aliinuka, akaaga. Hakupata ahadi yoyote, na hakuiomba.

*

Wazo lilikuja na Bi Anzirani, mwenyekiti wa kamati ya shughuli za mtaa wa Kibaoni, mwanamke aliyewahi kuozesha na kuzika watu wengi kuliko msikiti na kanisa kwa pamoja. Habari za Mwantumu zilipomfikia hakuuliza magonjwa ni ya nani. Aliita kikao, kama kwa harusi. Watu wakajaa uani kwake, wakapewa karanga na chai, na yeye akasimama akauliza mtaa huu umewahi lini kumwacha mtu abebe shughuli peke yake. Msiba tunachanga. Harusi tunachanga. Basi na hili tutachanga. Magonjwa saba, kila mmoja achukue moja.

Kukawa na kicheko, kisha watu wakaanza kuahidi. Fundi cherehani alitaka kisukari kwa sababu alidai tayari ni mtamu. Mtu akamtania kwamba mkewe hajalisema hilo. Baadhi ya wale saba walikuwemo uani, wamekaa kati ya majirani, na Theodora aliona jinsi walivyoinamia vikombe vyao.

Akaomba kusema. Akawaambia kwamba wanachotaka kufanya kitaua mtu kikifanywa ovyo. Siku ukianguka barabarani, gari la wagonjwa litasoma Mizani kabla ya kukusoma wewe. Wakikuta unatumia dawa ya kuyeyusha damu, na ubongo wako umezibwa na bonge la damu, hawatakupa sindano ya kuliyeyusha. Watakuacha. Watakuwa wamefanya sawa, na wewe utakuwa umekufa kwa mchango.

Bi Anzirani akaweka kikombe chake chini.

"Basi dokta," akasema, "tugawie wewe. Kama dawa."

Theodora alijua kuwa ndilo jibu, na kwamba si jibu safi. Kusema uongo kwa mashine ambayo wauguzi wanaiamini kulikuwa kosa. Kumwacha Mwantumu kulikuwa kosa. Akachagua kosa analoweza kulipima.

Jumamosi alifungua dirisha kama kawaida. Yasinta Gunda alikuwa amemtumia kioo cha Mizani, kibao bapa cheusi cha ukubwa wa sahani, na kukiweka juu ya kaunta kulihitaji kusogeza mzani wa watoto. Kioo kilisoma kidole na mapigo ya damu kwa pamoja. Mtu akidai dawa huku mapigo yake yakiyumba, taa iliwaka njano. Neno lake lilipokelewa hivyo hivyo, kwa sababu ni mwili wake. Akidai kwa utulivu wa anayesema kweli, taa iliwaka kijani.

Akagawa. Kila aliyefika alimkalisha, akampima presha, akamuuliza anatumia nini, ana mzio gani, baba yake alikufa kwa nini. Fundi cherehani alimnyima kisukari; akampa sonona, ugonjwa wa huzuni, ambao hauzuii cherehani na hauchanganyi wauguzi. Alilalamika kwamba yeye ndiye mcheshi wa mtaa. Theodora akamjibu kwamba hao ndio wanaougua. Kisukari akampa mwalimu aliyekuwa karibu kukipata kweli, na ambaye vipimo vya mara kwa mara vingemfaa. Pumu ilikwenda kwa mpiga tarumbeta wa kanisa. Kifua kikuu alikipokea mwanamume aliyewahi kukiugua na kupona, na ambaye mapafu yake yalikuwa na kovu la kuthibitisha. Dawa za virusi vya Ukimwi alizitaka Bi Anzirani mwenyewe. Alisema amefika umri ambao maneno ya watu yanamfanyia upepo tu.

Kila kidole, taa ya njano. Mioyo ilikuwa ikidunda kama ya wezi wa kuku.

Dawa ya kuyeyusha damu haikupata mwili. Theodora aliwapima watu wanane, akawakataa wote wanane. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akasogea akasema ni ya marehemu mama yake, Bi Sijaona, aliyezikwa mwaka jana. Sasa mama hana wa kumficha tena. Hilo lilikuwa kweli. Kijana akaweka kidole kwa niaba yake, na taa ikawaka njano, kwa sababu alikuwa analia.

Kikabaki kifafa.

Theodora hakukitangaza. Alijua hawezi kumpa mtu yeyote aliye kwenye foleni: dereva, mpanda minara, mama anayenyonyesha, mtu wa kuoga peke yake mtoni. Na hakutaka kumpa. Mwantumu alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mikono katikati ya magoti, anahesabu pamoja naye. Jua lilikuwa limekwisha kupita katikati.

Watu wakaanza kupeana nafasi mlangoni. Philipo Mujungu aliingia na shati la kanisani, ingawa ilikuwa Jumamosi. Wengine walimjua kuwa ndiye aliyemsimamisha Mwantumu, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika kwamba leo fisi amekuja kutoa pole. Mujungu hakugeuka. Akafika dirishani.

"Nimesikia kimebaki kimoja," akasema.

"Kimebaki kifafa."

Minong'ono ikapita kwenye foleni. Kila mtu alijua maana yake kwa mtu wa cheo kile. Bi Anzirani, aliyekuwa anafunga daftari lake la harusi kwa mazoea tu, aliinua macho.

Theodora akampima presha kama wengine. Akamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Akasema hapana. Akamuuliza kama anaelewa kwamba tangu leo hataruhusiwa kushika breki, wala kusimamia wapandaji.

"Naelewa."

"Jumatatu utawaeleza wakubwa wako?"

"Jumatatu nitawaeleza mwenyewe, dokta."

Akaweka kidole kwenye kioo. Theodora akasoma swali kwa sauti, kama alivyolisoma kwa wote tangu asubuhi, kama dawa hii ni yake.

"Yangu," akasema Mujungu.

Bi Anzirani akapiga kigelegele, wanawake wakamfuata, na yule aliyemwita fisi akaanza kupiga makofi kuliko wote. Mwantumu aliinuka kutoka kwenye benchi asijue aweke wapi mikono yake.

Taa ikawaka. Theodora akaifunika kwa kiganja kabla rangi haijawafikia watu, akakiacha hapo, kijani kikipenya kati ya vidole vyake, mpaka ikazima.